Hospitali ipo jirani, mbona wanawake wa Kibera na Kawangware wachelewa kutibiwa saratani?

KUTOKA Laini Saba, Kibera, hadi lango la Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH), mtu mwenye afya hutembea kwa muda usiozidi saa moja, na Hospitali ya Mbagathi iko karibu zaidi. Mkazi wa Kawangware naye hahitaji zaidi ya safari fupi ya matatu. Kwa miongo kadhaa KNH ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za kutibu saratani kwa mionzi, na wagonjwa walisafiri usiku kucha kutoka Turkana, Lamu na Busia ili kupanga foleni hapo. Lau ujirani na hospitali ungekuwa kinga, wanawake wa mitaa hii miwili wangekuwa miongoni mwa waliokingika zaidi nchini.

Hawajakingika. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowaua wanawake wengi zaidi nchini miongoni mwa saratani zote za viungo vya uzazi, bado hugunduliwa kwa wagonjwa wengi ikiwa imekwisha kuvuka hatua ambapo upasuaji peke yake ungetosha. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yalionyesha kwamba mwaka 2020 Wakenya 5,236 walipatikana na ugonjwa huo, na 3,211 waliaga dunia. Hao ni karibu wanawake tisa kila siku.

Kinachotia uchungu ni kwamba ugonjwa wenyewe hauna haraka. Husababishwa, karibu kila mara, na virusi vya papiloma, maarufu kama HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Wanawake wengi huvipata wakati fulani maishani na miili yao ikavishinda bila wao kujua. Kwa wachache virusi hubakia, na seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Kutoka mabadiliko hayo ya kwanza hadi saratani kamili hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na HIV asiyopatiwa dawa, muda huo hupungua hadi miaka 5 au 10, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health ulibainisha kwamba wanawake wenye HIV wamo katika hatari ya kupata saratani hii mara sita kuliko wenzao. Hata hiyo miaka mitano ni nafasi kubwa. Ni magonjwa machache ya kuua yanayompa daktari muda wa namna hiyo.

Kipimo cha gharama ya chini kabisa hutumia siki. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, akangoja dakika moja, kisha akatazama kwa macho yake. Sehemu ambayo seli zake zimebadilika hugeuka nyeupe. Hakuna maabara wala kungoja majibu. Wapo wanaokidharau kipimo hiki kwa kukiona cha kimaskini, lakini ushahidi wake ulitoka mahali panapofanana sana na Kibera. Kuanzia mwaka 1998, Surendra Shastri na wenzake wa Hospitali ya Tata Memorial, jijini Mumbai, India, waliwafuatilia wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya mabanda. Miongoni mwa wale waliopimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili, na wapimaji wakiwa watu wa kawaida waliofunzwa kwa majuma machache tu, vifo kutokana na saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31.

Utafiti huo ulizua ubishi mkali wa kimaadili, kwa kuwa kundi la pili la wanawake lilipewa mafunzo bila kupimwa. Ubishi huo una uzito wake. Hata hivyo, jambo jingine husahaulika kila matokeo hayo yanapotajwa katika kumbi za mikutano za Nairobi: wanawake wa Mumbai waliopatikana na dalili walitibiwa bila malipo, na watafiti waliwafuata hadi wakatibiwa. Siki haikumponya mtu yeyote. Ilichofanya ni kuwaonyesha wahudumu nani wa kumshika mkono.

Hapo ndipo penye kitendawili cha Kibera na Kawangware. Kwa miaka mingi lawama zimewekwa juu ya wanawake wenyewe: kwamba ni wajinga wa ugonjwa, wanaona haya kuvuliwa mbele ya muuguzi, wanawaogopa waume zao, au wanapendelea waganga wa mitishamba. Maelezo hayo yana ukweli wa nusu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba ni wanawake 16 tu kati ya 100 wenye umri wa miaka 30 hadi 49 waliokuwa wamewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Idadi hiyo ni ndogo mno, na haya na hofu ni sehemu ya sababu zake. Lakini maelezo hayo hayasemi lolote kuhusu mwanamke aliyeishinda haya, akaacha kibarua cha siku, akapanga foleni, akapimwa, akaambiwa ana dalili, kisha asitibiwe.

Wanawake hao si wachache. Katika Kaunti ya Migori, mtafiti Megan Huchko na wenzake, wakiwemo wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI), walijaribu kuwapa wanawake vifaa vya kujichukulia sampuli wenyewe ili ipimwe HPV. Mwitikio ulikuwa mzuri, hasa pale upimaji ulipopelekwa vijijini badala ya kungojwa hospitalini. Kwa upande wa haya, basi, kizuizi kiliondolewa kwa kiasi kikubwa. Ilipofika zamu ya matibabu mambo yalibadilika: katika awamu ya kwanza ya utafiti huo, chini ya nusu ya waliopatikana na virusi ndio waliofika kutibiwa. Migori ni kaunti ya mashambani na umbali wa vituo ulichangia. Jijini Nairobi umbali hupimwa kwa vipimo vingine.

Mwanamke anayeishi Gatwekera au Kawangware 46 mara nyingi hupata riziki yake siku kwa siku. Kutoka Kawangware, wengi huvuka asubuhi kwenda Lavington na Kileleshwa kutafuta kazi ya kufua nguo na kusafisha nyumba. Siku ya kwenda kliniki ni siku isiyo na ujira. Akipimwa kwa siki na kuonekana na dalili, kanuni ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inapendekeza kwamba, inapowezekana, atibiwe papo hapo, siku ile ile. Tiba ya mabadiliko hayo ya awali ni ya dakika chache: sehemu iliyoathirika hugandishwa kwa gesi baridi, au huchomwa kwa kifaa cha joto, bila kulazwa. Lakini mtungi wa gesi ukiwa mtupu, au muuguzi aliyefunzwa akiwa likizoni, au kifaa kikiwa katika kituo kingine, mwanamke hupewa barua na kuambiwa arudi. Barua hiyo ndiyo mwanzo wa kupotea kwake.

Kumtafuta baadaye si kazi rahisi. Wapangaji wa mitaa hii huhama mara kwa mara, laini za simu hubadilishwa, na wakati mwingine mtaa wenyewe ndio huhama. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba, shule na zahanati Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu waliokadiriwa kufikia 30,000 wakakosa makao. Kawangware nayo ilishuhudia nyumba na vibanda vikiteketezwa katika ghasia za Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais. Daftari la kliniki haliwezi kumfuata mwanamke ambaye mlango wake haupo tena.

Hata kujua ni wangapi wanaopaswa kupimwa ni mtihani. Kwa miaka mingi ilidaiwa, na bado wapo wanaorudia, kwamba Kibera ina wakazi milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000. Suala hili si la wapenda takwimu pekee. Mkakati wa WHO wa kuangamiza saratani ya mlango wa kizazi, uliozinduliwa Novemba 2020, unataka ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha kuaminika, na asilimia 90 ya waliopatikana na ugonjwa wawe wametibiwa. Asilimia 70 ya watu wasiojulikana idadi yao ni hesabu ambayo mwanasiasa yeyote anaweza kuipasi.

Anayepotea na barua yake mkononi huweza kurejea baada ya miaka kadhaa, akivuja damu baada ya kujamiiana au nje ya siku zake, au akitokwa na uchafu wenye harufu. Sasa safari ni nyingine kabisa. Lazima kipande cha nyama kikatwe na kuchunguzwa na mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao ni haba. Zitahitajika picha za ndani ya mwili ili kujua ugonjwa umefika wapi, na vipimo vya damu kuona kama figo zingali zinafanya kazi, kwani uvimbe unaweza kuziba njia za mkojo. Kila hatua ina dirisha lake, foleni yake na risiti yake.

Ugonjwa ukiwa umeenea kando ya mlango wa kizazi, tiba ya kawaida ni mionzi pamoja na dawa za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa. Mionzi ya nje hutolewa kwa vipindi vipatavyo 25, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa majuma matano. Dawa huandamana nayo mara moja kwa juma. Baada ya hapo hufuata mionzi ya ndani, ambapo chembe yenye miale huwekwa karibu kabisa na uvimbe kwa kupitia ukeni. Sehemu hii ya mwisho haipaswi kuachwa, kwani bila hiyo uwezekano wa kupona hupungua sana, nayo ndiyo iliyo katika hospitali chache zaidi.

Kwa mfanyakazi wa kibarua, majuma matano ya kwenda hospitali kila siku ni majuma matano bila mapato, ilhali kodi ya nyumba haingoji na watoto wanataka kula. Hapa ujirani wa KNH humsaidia mgonjwa wa Kibera, maana yule wa Lamu hulazimika pia kutafuta pa kulala. Msaada huo una mpaka. Uchovu, kichefuchefu na kuhara vinavyotokana na matibabu humkuta katika chumba kimoja, choo kikiwa nje, kinachotumiwa na familia nyingi, na mara nyingi cha kulipia.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna lililofanywa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kuwahudumia wagonjwa mwaka 2019, ilipunguza mzigo wa KNH, na vituo vya mionzi vilijengwa Mombasa, Nakuru na Garissa. Bima mpya ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024 ilianza kwa kutenga Sh400,000 kwa mwaka kwa kila familia kwa matibabu ya saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka kwa hazina ya magonjwa sugu pesa hizo zinapokwisha. Kwa mgonjwa aliyegunduliwa mapema, kiasi hicho ni msaada wa maana. Kwa aliyechelewa, anayehitaji picha, mionzi ya aina mbili, dawa na huenda kuwekewa mirija ya figo, hakichukui muda kuisha. Isitoshe, bima hiyo ilipoanza, mtu asiye na mshahara alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Sh3,600 kwa mara moja si pesa ndogo kwa anayeokota mia tano kwa kufua nguo, siku ambayo kazi imepatikana.

Saratani nyingine za viungo vya uzazi hazizungumzwi sana, na baadhi yake ni ngumu zaidi kuzinasa. Saratani ya ovari, iliyomuua mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, Profesa Wangari Maathai, mnamo Septemba 25, 2011, haina kipimo cha kuaminika cha kumchunguza mwanamke asiye na dalili. Dalili zake ni tumbo kujaa, kushiba upesi na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Katika maduka ya dawa ya mitaani dalili hizo hupewa jina la vidonda vya tumbo au ameba, na mgonjwa hurudi nyumbani na tembe. Ikiwa mwanamke aliyejulikana dunia nzima hakunusurika, si vigumu kukisia hali ya yule ambaye daktari wake ni muuza dawa. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma nayo hupuuzwa, ingawa ndiyo ishara kuu ya saratani ya nyumba ya uzazi, ambayo ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji. Ipo pia saratani ya kondo, inayozuka baada ya mimba, hasa ile mimba isiyo na mtoto bali uvimbe mfano wa vichala vya zabibu. Hii hupona kwa dawa hata ikiwa imefika mapafuni, mradi mwanamke apimwe homoni ya mimba tena na tena baada ya uvimbe kutolewa. Kwa mara nyingine, kila kitu kinategemea kurudi kliniki.

Mahali ambapo kurudi kliniki kuliwahi kufanikiwa katika mitaa hii ni katika huduma za HIV. Kibera ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza nchini ambako mashirika, likiwemo lile la Madaktari Wasio na Mipaka, yalitoa dawa za kupunguza makali bila malipo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yalijengwa madaftari, wakaajiriwa washauri ambao wenyewe waliishi na virusi, na mgonjwa aliyekosa kufika alitafutwa hadi mlangoni. Upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi uliingizwa ndani ya kliniki hizo, jambo la busara kwa kuwa wateja wake ndio waliomo hatarini zaidi. Udhaifu wake ulikuwa mfadhili. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni Januari 2025, kliniki nyingi za HIV nchini zilipoteza wafanyakazi, na waliotangulia kwenda ni hao washauri na wafuatiliaji, kwa sababu hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya kaunti.

Serikali inao watu wengine wa kuifanya kazi hiyo. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, waliopewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari, na kuahidiwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi yanayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Mhudumu wa Silanga au Gatina anazijua nyumba zake, na anajua nani amehamia wapi. Hakuna sababu ya kitaalamu inayomzuia kubeba brashi za kujichukulia sampuli, na muhimu zaidi, orodha ya wanawake wake ambao majibu yao yalionyesha virusi na hawajatibiwa. Vifaa vya kuchoma kwa joto vinavyoshikwa mkononi na kutumia betri, ambavyo WHO iliviidhinisha mwaka 2019, vimeondoa pia udhuru wa mtungi wa gesi. Kinachobaki ni bajeti ya kaunti, na uamuzi wa nani atawajibika kwa mwanamke tangu anapopimwa hadi anapotibiwa. Kwa sasa wajibu huo umegawanywa kwa vituo vingi kiasi kwamba hakuna anayeubeba, na mgomo wa wauguzi au madaktari, kama ule wa siku 56 wa mwaka 2024, hukata hata nyuzi zilizobaki.

Chanjo ndiyo inayotajwa mara kwa mara kuwa suluhisho, na kwa vizazi vijavyo ni kweli. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2011 na kuwafikia zaidi ya tisa kati ya kumi. Kenya ilianza Oktoba 2019, wakati Rais Uhuru Kenyatta alipoizindua Mombasa kwa wasichana wa umri wa miaka 10, kukiwa na upinzani wa baadhi ya madaktari wa Kikatoliki na kufuatiwa punde na kufungwa kwa shule kwa ajili ya Korona. Wasichana wengi waliopata sindano ya kwanza hawakurudi kwa ya pili. Kwa bahati, utafiti uliofanywa humu humu nchini, Kisumu, Thika na Nairobi, chini ya Profesa Nelly Mugo wa KEMRI na Ruanne Barnabas, uliwasajili wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilikinga dhidi ya aina mbili hatari zaidi za HPV kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. WHO ilikubali dozi moja mwaka huo huo, na mwaka 2025 Kenya nayo ikaingia katika utaratibu huo.

Msichana wa Kawangware aliyechanjwa akiwa na miaka 10 wakati wa uzinduzi atatimiza miaka 30 mnamo 2039. Mama yake, shangazi zake na dada zake wakubwa walizaliwa mapema mno kwa chanjo hiyo, na miongoni mwao wamo walio na barua ya rufaa iliyokunjwa mahali fulani nyumbani, yenye tarehe iliyokwisha kupita.